Nisomee Namba

Asubuhi hiyo karani wa mapokezi alikuta kipanya cha kompyuta yake kina uvuguvugu na unyevu, kama kitu kilichotoka kutemwa. Alikifuta kwa karatasi laini. Karatasi ikaondoka na utelezi wa njano hafifu, uliovutika kama uzi kabla ya kukatika.

"Nani amekalia meza yangu?"

"Nani ana muda wa kukaa?" nesi alimjibu kutoka chumba cha matibabu, akipanga koleo kwenye sinia. "Hilo ni jasho lako la jana. Unavyokifinya hicho kipanya, utadhani unakamua ng'ombe."

Wakacheka. Ilikuwa kliniki ndogo ya meno: mapokezi yenye benchi moja, chumba cha matibabu, na korido iliyonuka dawa ya kusafishia sakafu. Karani walimwita Karibu, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Alimkaribisha mgonjwa, alimkaribisha mleta bili ya maji, hata aliyekosea mlango alikaribishwa kwanza ndipo akaelekezwa. Hakuwa mjinga. Alilelewa kuamini kwamba anayepiga hodi ana shida, na ni vigumu kusema kwamba aliyemlea hivyo alikosea.

Fundi wa kompyuta aliishi mji mwingine na alihudumia kliniki kumi na moja bila kunyanyuka kitini. Hawakuwahi kumwona, walimjua kwa sauti tu. Alikuwa amemweleza Karibu kwamba ndani ya prosesa, yaani ubongo wa mashine hizo, kuna sehemu ndogo isiyolala. Hata kompyuta ikizimwa, maadamu waya wa umeme na wa mtandao umechomekwa, yeye akiwa mbali huweza kuiamsha, akaona kioo, akasogeza kipanya, akarekebisha kilichoharibika.

"Lakini siingii bila ruhusa, dada," alisema kwa fahari. "Kioo kitaonyesha namba sita ndani ya fremu nyekundu. Nitakupigia, wewe unisomee. Usiponisomea, mlango haufunguki."

Basi kwa wiki tatu simu ya mezani ililia saa saba mchana, wakati daktari na nesi wamekwenda kula. Kila mara kompyuta ambayo Karibu alikuwa ameizima kwa mkono wake ilijiwasha, feni ikapumua, fremu nyekundu ikatokea.

"Dada, habari za kazi. Nisomee namba."

Alisoma.

"Ahsante. Rudia ya mwisho, sikuisikia vizuri."

Alirudia. Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mlio wa mtu anayetafuna kitu laini mdomo wazi. Karibu alidhani fundi naye yuko kwenye chakula cha mchana, akamsamehe adabu zake.

Ladha mdomoni mwake ilianza wiki ya kwanza: sarafu iliyolowekwa kwenye maji ya maua yaliyooza. Wiki ya pili ikaja harufu. Wagonjwa walipoinama kuandika majina yao, walirudi nyuma wakajifanya wanatafuta miwani. Daktari alimkalisha kwenye kiti, akamwangaza, akagonga jino moja baada ya jingine.

"Una meno mazuri kuliko yangu. Fizi safi, ulimi safi." Lakini Karibu aliona kwamba alikuwa amevaa barakoa mbili.

Alipiga mswaki mpaka povu likawa jekundu. Alisukutua kwa chumvi, kwa ndimu, kwa dawa ya kliniki. Nyumbani binti yake wa miaka sita, aliyekuwa na mapengo mawili mbele na mabusu ya kugawa bure, alimsukuma uso kwa viganja vyote viwili.

"Mama, unanuka kama pipa la taka."

Usiku huo mtoto alilala ameelekea ukutani. Kazi mtu huweza kutafuta nyingine, ila shavu la mwanao hakuna duka linaloliuza.

Jumatano Karibu alipindua kibodi yake akaigongagonga mezani ili aisafishe. Zilidondoka chembe za mkate, kope na magamba ya ngozi, uchafu ambao sisi sote huuacha tukidhani hatukuacha kitu. Kisha zikadondoka kucha, nyingi, laini kama zilizolowa. Mwisho likadondoka jino. Lilikuwa na kipande cha nyama kwenye mzizi, na lilikuwa na joto. Karibu alitapikia kwenye ndoo ya taka, na matapishi yakatoka na nywele ndefu ambazo ilibidi azivute kwa vidole, taratibu, kwa sababu zilikuwa bado hazijaisha.

Nesi alimshika mgongo. Hakucheka safari hii.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "majini hupenda uchafu wetu, hilo nimelisikia tangu utotoni. Lakini jini hula nje ya kizingiti. Akivuka, kuna aliyemwitikia hodi."

"Mimi nimemwitikia nani?"

Kesho yake, saa saba kasoro dakika chache, aliingia mwanamume mwembamba mwenye begi, akitembea ameshika tumbo. Alipotoa salamu, Karibu aliitambua sauti.

"Kaka fundi! Karibu, karibu. Leo umekuja na miguu!"

"Samahani kwa kuwatupa, dada. Nimelazwa wiki tatu na nusu. Nilipasuliwa tumbo, hata simu niliifungia kabatini. Nimesema nikipata nafuu nipite kliniki zote, niwaombe radhi."

Karibu alitabasamu, akasubiri utani uishe. "Acha mambo yako. Jana tu umenipigia."

Fundi hakutabasamu. Daktari na nesi, waliokuwa wanatoka kwenda kula, walisimama mlangoni. Simu ikalia. Chini ya meza kompyuta iliyozimwa ikajiwasha.

"Pokea," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Weka spika."

"Dada, habari za kazi," ilisema sauti ya fundi, huku fundi mwenyewe amejiziba mdomo kwa kiganja. "Nisomee namba."

Karibu alimtazama fundi.

"Dada? Nasikia pumzi za watu wanne. Mmoja ana mshono. Mshono wake una usaha, upande wa kushoto, bado hajamwambia mtu."

Fundi alishuka taratibu mpaka akakaa sakafuni, na kule kutafuna kulikokuwa daima nyuma ya sauti kukasogea mbele, kukawa ndiyo sauti yenyewe, kulowevu, kwa mdomo wazi, midomo ikinyonya mate na kuyarudisha, ulimi ukitafuta kilichobaki kati ya meno na kukipata na kukisifu kwa mguno mdogo wa utamu, mpaka harufu ya mdomo wa Karibu ikatoka kwenye tundu za spika ya simu na ikajaa chumba kizima, naye akaitambua, jinsi mtu anavyoitambua nguo yake ikiwa imevaliwa na mwingine.

Fundi aliuchomoa waya wa mtandao. Simu ikanyamaza papo hapo. Alijiinua kwa shida akakaa kitini, akafungua kumbukumbu za mashine, akazisoma mara mbili.

"Hakuna aliyeingia kutoka nje," alisema. "Namba imeombwa mara kumi na tano. Mara zote imeombwa kutoka humu humu ndani."

Alizima umeme, akafungua boksi la kompyuta. Feni ilikuwa imezibwa na nywele zenye mafuta. Alipoing'oa, wote waliona prosesa. Juu yake, mahali pa ile dawa ya kijivu ya kupooza joto, palikuwa na utando mnene wa waridi, wenye vipele vidogo kama vya ulimi. Alipousogezea bisibisi, ulijikunja.

Daktari ndiye aliyeukwangua, kwa kifaa chake cha kukwangulia ugaga wa meno, jasho likimtiririka. Ulishikilia kama nyama hai. Fundi alichomoa betri ndogo ya duara inayotunza mipangilio ya mashine, akasubiri, akairudisha, kisha akaufunga ule mlango wa mbali kwa nywila ambayo alimwomba nesi aandike yeye, bila kuitamka. Utando uliteketezwa pamoja na pamba zenye damu. Ulipasuka motoni kama mafuta ya nguruwe.

Nesi ndiye aliyeuliza, wakati wananawa mikono kwa mara ya tatu.

"Kama alikuwa ndani ya mashine tayari, zile namba alikuwa anaombea mlango gani?"

Wote wakautazama mdomo wa Karibu. Kisha, kwa heshima, wakatazama pembeni.

Harufu ilikwisha. Ijumaa na Jumamosi binti alirudisha mabusu yake yote, pamoja na ya nyuma. Jumapili baada ya chakula cha mchana walilala pamoja kitandani, mtoto amejikunja kwenye kwapa la mama yake, na Karibu akalala usingizi mzito wa mtu aliyesamehewa.

Aliamshwa na ladha ya chumvi. Kidole kidogo kilikuwa ndani ya mdomo wake, kikivuta shavu. Binti alikuwa amemkalia kifuani, simu ya mama yake ameibana kati ya sikio na bega, ameinamisha kichwa, akichungulia kaakaa kwa makini, kama anayesoma kitabu gizani.

"Mbili," mtoto alikuwa anasema. "Tisa. Tisa tena. Sifuri. Nne." Akakisukuma kidole ndani zaidi. "Subiri, anko fundi. Ya mwisho iko nyuma kabisa, meno yameifunika. Sasa naiona, ni—"

Karibu alifunga mdomo.

Aliusikia ukucha ukivunjika kati ya magego yake. Aliisikia sauti ya mwanawe, ambayo hakuna mama anayepaswa kuisikia akijua kwamba yeye ndiye sababu, na hakuachia, hakuachia mpaka mkono wake ulipoipata simu na kuitupa ukutani. Ikiwa chini, kioo chake kimepasuka, simu ilisema kwa upole:

"Ahsante, dada. Nitasubiri."

Kidole kilipona, kimepinda. Mabusu hayajarudi, na Karibu hayaombi. Siku hizi anazungumza kwa meno yaliyobanwa, na pale mapokezi kimewekwa kibao cha kukaribisha wageni badala yake. Nyuma ya gego la mwisho ulimi wake unagusa uvimbe mdogo ulioandikwa namba ya mwisho, na ulimi umekwisha kuisoma. Hulala amefunga kitambaa kidevuni, asije akaitaja ndotoni.

Juzi, siku ya Jumamosi, binti alileta kazi ya hesabu aliyopewa shuleni. Waliketi mezani, mama akihesabu maharage kwa meno yaliyobanwa, moja moja, mtoto akifuatisha kwa kile kidole kilichopinda.

"Mama," mtoto aliuliza, "kwa nini ukitoka sita unarukia nane?"

Chumbani ile simu yenye kioo kilichopasuka ikaanza kulia. Ilikuwa saa saba mchana.