Doti Nyeupe Juu ya Paa la Mama

"Karibu mkwe wangu, ingia! Mwenyewe karudi!"

Kidoti, aliyekuwa ameinamia kompyuta yake mezani, aliganda. Mkwe? Mama yake alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye yeye, na hakuwahi kuolewa.

Akageuka. Mlangoni alisimama Fundi Mitetemo, mwanamume aliyempenda kuliko wote na ambaye hakuwa amezungumza naye kwa miaka. Begani alibeba ngazi, mkononi betri. Alishaanza kuota mvi, lakini tabasamu lilikuwa lile lile la upande mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Vua viatu, nimefagia."

"Hujambo, Kidoti."

"Sijambo. Ngazi ya nini? Mashine yako ya kupimia mitetemo si huwa unaifukia ardhini?"

"Ya... kukagulia nyufa za juu."

"Nyufa ziko ukuta mzima, kutoka juu hadi chini. Unaziona ukiwa umekaa."

"Wewe nawe!" mama akaingilia. "Mwenzio kaja kazini, unamhoji kama askari. Nipisheni nilete chai."

Tetemeko lilikuwa limepita wiki hiyo. Liliangusha ukuta wa jikoni na kuipasua sebule, lakini huko shambani ardhi haikuonyesha hata mstari. Ufa wa ardhini uliolileta ulijificha chini kabisa, haukuchomoza popote. Wajomba walishakata shauri: kama uko chini ya nyumba, dada yao ahame. Mama naye akawajibu kwamba haachi nyumba ya marehemu mumewe mpaka aambiwe na wale watoto wawili waliosomea hapo mezani kwake. Ndipo Kidoti akapanda ndege kutoka ng'ambo alikofanya kazi ya kuchambua picha za satelaiti, mkobani akiwa na tiketi ya kurudi Ijumaa.

Walikaa mbalimbali, mama katikati na birika lake.

"Mitetemo inanipa majibu mawili," Fundi alianza. "Ama ufa umelala kuelekea mlimani, ama umelala kuja huku, chini yetu. Mitetemo ya kwanza inakubaliana na yote mawili. Peke yangu siwezi kuchagua."

"Mimi naona ardhi iliponyanyuka," alisema Kidoti, macho kwenye kioo. "Rada ya satelaiti ilipita kabla na baada, nalinganisha. Lakini kilichotokea katikati sikijui, na kina nakikisia tu."

"Ndiyo maana tulikuwa wawili."

Kidoti akashusha macho mezani. Meza ilikuwa ile ile, na ile alama ya pasi iliyowaponyoka siku moja ilikuwa bado ipo. Hapa ndipo walipokuwa wakisoma baada ya masomo ya chuo, baba akikohoa chumbani kuwakumbusha kwamba yupo macho. Hapa ndipo walipopata wazo la kuunganisha mabati matatu yakawa kona moja, wakayapandisha juu ya paa la zege la stoo, ili miale ya rada ikifika iyagonge na kurudi ilikotoka. Katika kila picha bati lile liliwaka kama doti nyeupe. Naye binti wa nyumba kila mara alikimbilia kuligusa kwa kidole: "Doti yetu hiyo!" Fundi akamwita Kidoti, na nyumba nzima ikafuata.

"Umeoa?" swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nani atakaa na mtu anayeamka kila paka akiruka karibu na mashine?"

Mama akacheka mpaka chai ikamwagika. Kidoti hakucheka.

"Siku ile nasafiri, ulisema utanisindikiza."

"Ardhi ilitikisika asubuhi ile. Mashine ilikuwa inazima, nikasema niokoe kumbukumbu kwanza, kisha nikimbie. Nilipofika uwanjani ndege ilishapaa."

"Nilisimama na begi nikitazama mlango, Fundi. Mpaka walipoita jina langu kwenye spika. Nikasema, basi, amechagua mitetemo."

"Nilikosea. Sijawahi kulala vizuri tangu siku ile."

Kidoti akamsogezea picha, maana kazi ilikuwa rahisi kuliko maneno. Miduara ya rangi, iliyoonyesha ardhi ilivyonyanyuka, ilikuwa imebanana upande wa shamba, ikaachana taratibu kuelekea mlimani. Fundi akapandisha juu yake vitetemo vidogo vilivyofuata tetemeko, kimoja kimoja. Kadiri vilivyokaribia mlima ndivyo vilivyozidi kuzama.

"Unaona?" akanong'ona.

"Naona. Umelala kuelekea mlimani. Sisi tuko nje yake."

"Kwa hiyo sihami?" mama aliuliza.

"Huhami, mama," alisema Fundi. "Lakini itatikisika tena siku nyingine. Kuta tuzijenge upya kwa nondo na mkanda wa zege."

Mama akafumba macho, akashukuru Mungu. Kidoti akamshika mkono.

"Na wewe mama umetusaidia. Picha hizi nazipima kuanzia kwenye ile doti ya paani. Majani yakijaa ndani au maji yakituama, inafifia. Miaka yote haijafifia hata mara moja. Asante kwa kuisafisha."

Mama akaweka kikombe chini.

"Mimi? Kwa magoti haya nipande paa la stoo?"

Kidoti akaitazama ngazi iliyoegemezwa ukutani, kisha akamtazama mwenye ngazi.

"Ni wewe?"

"Kila satelaiti ikikaribia kupita."

"Mbona hukusema?"

"Ulibadilisha namba. Barua pepe hukujibu. Nikawaza, kitu ambacho hataacha kukifungua ni picha ya kwao. Doti ikiwaka, atajua nipo."

"Nilidhani ni mama!" Machozi na kicheko vilimtoka pamoja. "Nilikuwa naitazama nalia peke yangu huko, namshukuru mama!"

"Na mimi nikimwona akipanda nilidhani mnaongea kwa hiyo mitambo yenu," mama akasema. "Nikajua mapenzi ya wasomi ndivyo yalivyo."

Fundi akasafisha koo.

"Ijumaa nitakupeleka uwanjani. Hata dunia ipasuke."

"Hunipeleki popote. Nipe kitambaa. Satelaiti inapita kesho na bati limejaa vumbi la ukuta."

Akapanda yeye mwenyewe, Fundi akashika ngazi kwa mikono yote miwili.

Walioana mvua zilipokwisha. Kidoti akapata kazi ya picha mjini, nao wakajenga nyumba ndogo yenye nondo za kutosha, ng'ambo ya shamba la mama. Siku moja akiwa ofisini, simu ikalia kwa ujumbe:

"Mke wangu, fungua picha ya leo."

Akaandika: "Nimefungua. Doti yetu inawaka."

"Hesabu vizuri."

Akasogeza uso karibu na kioo. Pembeni ya doti ya mama, ng'ambo ya shamba, juu ya paa lao wenyewe, ilikuwepo nyingine mpya. Kidoti akaweka kidole juu yake, mbele ya wafanyakazi wenzake wote, na hakukiondoa haraka.