Ndoto Iliyokwenda kwa Jirani

Asubuhi ya kwanza ya likizo ya Aprili, walipokuwa kwenye foleni ya maji, Khamala alimgeukia mwalimu Wanzala akasema, "Mwalimu, madam anasema hao samaki wa omena uwaoshe na maji moto kwanza. Huwa huwaoshi, ndiyo maana wanakuwa wachungu."

"Madam gani?"

"Wako. Nabwire." Kisha Khamala akajiziba mdomo. "Pole, mwalimu. Nimemwota tu."

Nabwire, mke wa Wanzala, alikuwa amezikwa Busia miezi minne iliyopita. Khamala, mlinzi wa usiku wa godauni moja Kawangware, alihamia chumba kilichopakana na cha Wanzala mtaani Makina wiki sita baada ya mazishi. Hakuwahi kumwona.

Kwao Wanzala, mume aliyefiwa humngoja marehemu. Mke huja ndotoni mara moja, akaaga, na ndipo mume huwa huru. Wanzala alifundisha bayolojia na hakuamini hayo. Hata hivyo alikuwa akilala saa mbili usiku kila siku, amevaa shati safi, akingoja. Hakuota chochote. Na sasa mke wake alikuwa amekwenda kwa jirani.

Alichohisi si hofu. Ulikuwa wivu, na aliutambua mara moja, kama mtu anavyolitambua jino lake bovu.

Nabwire alipokuwa bado mgonjwa, Wanzala alionyeshwa hospitalini picha ya kichwa chake. Uvimbe ulikuwa mweupe, mkubwa kama pera. Alimuuliza daktari: katika nyama hii, mawazo yake yako wapi? Anaponiwaza mimi, ni wapi? Daktari alijibu kwa uaminifu kwamba sehemu zinazofanya kazi mtu anapowaza zinajulikana, lakini jinsi nyama inavyogeuka kuwa wazo, hakuna ajuaye. Wanzala aliondoka na jibu moja: nyama ikifa, wazo limekwisha. Lilimuumiza, lakini liliwahusu wote sawasawa. Hakuna mwingine ambaye angempata Nabwire.

Khamala alilala mchana, na kati ya vyumba vyao palikuwa na bati moja. Siku iliyofuata, saa saba, Wanzala aliweka sikio pale. Kwanza akasikia mkoromo. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya nazi ya nywele iliyochanganyika na spiriti ya hospitali, ikipita kwenye matundu ya misumari, na nyuma ya harufu hiyo sauti mbili, ya Khamala iliyojaa usingizi na nyingine ndogo iliyouliza na kuuliza, na baada ya jibu fulani ile sauti ndogo ikacheka, kicheko cha Nabwire kilichoishia puani, ambacho kwa miaka miwili ya ugonjwa hakumpa mumewe hata mara moja.

Jioni alimvizia Khamala mlangoni.

"Amesema nini?"

"Hasemi sana. Ananiuliza mambo ya kwetu." Khamala alikuwa amekonda, na alinong'ona kana kwamba bati lingemsikia. "Nikimwambia kitu, nikiamka sina hicho kitu. Jana kasichana kangu kamepiga simu kutoka Kakamega, nikashindwa na jina lake. Jina la mtoto wangu, mwalimu! Naogopa kulala."

"Lakini kunihusu mimi, amesema nini?"

Khamala alifunga mlango wake. "Wewe pia si mzima," akasema, akaenda kazini.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Khamala alimleta Maalim Marjan, mzee wa Makina anayewasomea watu wenye majini. Maalim alimwita Wanzala pia, kwa sababu jina lililotumika lilikuwa la mke wake.

"Maalim," Wanzala alisema, "mawazo hayakai hewani. Yanahitaji ubongo."

"Kweli kabisa. Huyu jini hana ubongo. Ameumbwa kwa moto. Moto hauna mahali pa kuweka jambo. Ndiyo maana anawaonea wanadamu wivu. Aliingia kwa mkeo wakati wa ugonjwa, akala alichokikuta. Sasa ana njaa tena."

"Kwa hiyo alichowaza mke wangu kimo ndani yake?"

"Mwizi akivaa leso ya mkeo si mkeo, mwalimu. Akitoka hapa atatafuta kichwa kingine. Usimwite. Usitaje jina."

Udi ukawashwa, mlango ukafungwa, Maalim akaweka kiganja juu ya utosi wa Khamala na kuanza kusoma, taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi, na mabati yakaanza kulia kama yanayopanuka kwa jua ingawa mawingu yalikuwa yametanda, na harufu ya nazi na spiriti ikauzidi udi mpaka macho yakawachonyota, na Khamala akainua uso uliolowa jasho, akafungua kinywa bila kuchezesha midomo, na sauti ya Nabwire ikatoka, imechoka, ikiwa na kale kakwaruzo ka wiki za mwisho: "Wanzala, unakaa tu unatazama nikifukuzwa?"

"Nyamaza, mwalimu," Maalim alinong'ona. "Tafadhali."

Wanzala alitazama mkono wa Maalim juu ya kichwa cha mwanamume mwingine.

"Nabwire," alisema. "Njoo kwangu."

Khamala akaanguka chali. Alipopata pumzi alianza kulitaja jina la binti yake, "Sella, Sella," akilia. Maalim alikusanya vitu vyake bila kumtazama Wanzala tena.

Usiku huo Wanzala akaota. Nabwire alikaa ukingoni mwa kitanda, akiwa na nywele zake zote. Hakuaga. Aliuliza, "Tulikutana wapi?" na Wanzala akamweleza: mvua, foleni ya kujisajili chuoni, mwavuli mmoja. Alieleza kwa furaha, kwa sababu aliulizwa yeye. Usiku wa pili aliulizwa kuhusu harusi. Wa tatu, jinsi Nabwire alivyotembea. Kila asubuhi aliamka mwepesi zaidi, akagundua pengo pale ilipokuwa kumbukumbu aliyoisimulia, na kila jioni alivaa shati safi mapema kuliko jana.

Usiku wa tisa mgeni alikaa palepale na kuuliza, "Na uso wangu, ulikuwaje?" Wanzala akamweleza uso wote, mpaka kovu dogo la kidevuni.

Usiku wa kumi mtu fulani alikaa ukingoni mwa kitanda. Wanzala hakujua ni nani. Alijua tu kwamba mgeni huyo hakwenda kwa Khamala, akasogea ukutani kumpisha.