Mita Mia Sita kutoka Lango la Larkmoor

Wazazi wenzangu, nipeni masikio yenu kidogo, chai itapoa tutaipasha. Mimi ni Maureen Tansley, wengi mnaniita Mo, yule mwenye kofia ya wavu anayewapakulia watoto wenu viazi vya kuponda katika jiko la Shule ya Cobden. Miaka kumi na tisa niko pale. Sina shahada, sina cheo, wala hakuna aliyenituma. Nasema kwa sababu jambo hili limewakuta majirani zangu huku mimi nikiangalia, na nilikuwa na mdomo.

Familia ya Hallam ilikuwa ubavuni mwangu hapa mtaa wa Alma, ukuta wa uani ukitufika kiunoni tu. Jumapili ungewapenda. Trevor, fundi wa lifti, yuko jikoni na nyama yake ya kuoka, anaimba vibaya. Mkewe Yvonne, wa duka la dawa, anaanika nguo. Poppy, miaka minne, anamfukuza paka. Na Josie, miaka kumi, amekaa chini na baiskeli ya mtu, mikono myeusi kwa grisi.

Josie alikuwa mzito wa kusoma, sitawaficha. Maneno yalimchelewa. Lakini mpe kitu kilichokufa, saa, redio, pasi, urudi baada ya muda, utakikuta kizima. Alitaka kazi moja tu duniani: kuwa fundi wa lifti kama baba yake.

"Anti Mo, baiskeli yako inalia hiyo, nasikia toka huku. Ilete!"

"Nikulipe nini?"

"Kastadi. Ile ya kuungua juu."

Basi, tulikuwa hivyo, kwa amani, mpaka Septemba ile Josie alipoingia mwaka wa mwisho wa shule ya msingi na ikabidi achaguliwe sekondari. Yvonne alichukua karatasi, akapiga mistari kwa rula, akaibandika kwenye friji. Upande mmoja majina ya shule. Halafu neno la wakaguzi, matokeo ya mitihani, na umbali wa nyumba ya mtoto wa mwisho aliyepokelewa, maana shule nzuri hupokea kuanzia wa karibu na lango mpaka nafasi ziishe.

Cobden, hatua chache kutoka mlangoni kwao, wakaguzi walisema Inahitaji Kuboreshwa. Watoto thelathini na wanane katika mia ndio waliofaulu. Larkmoor, upande wa pili wa mji, ilikuwa Bora Kabisa. Themanini na mmoja katika mia. Mtoto wa mwisho, mita mia sita na arobaini.

"Mo, usininunie," aliniambia juu ya ukuta, "lakini hiyo shule yenu siitaki."

"Ninune kwa lipi? Mimi napika tu. Ila umewahi kuingia ndani ukaiona?"

"Niingie kutafuta nini? Wakaguzi wameshaingia kwa niaba yangu. Siku mbili nzima!"

"Siku mbili! Mimi hata jiko lile sikulijua kwa siku mbili."

Akacheka, nami nikacheka. Hapo nilikuwa na neno moja la kumwambia kuhusu Larkmoor, neno ambalo kila mpishi wa Cobden analijua. Nikalimeza. Nilijiambia si kazi yangu, na niliogopa kuonekana naitetea shule inayonilipa. Neno lenyewe mtalisikia likifika mahali pake.

Wakauza nyumba. Nyumba ya mama yake Trevor, jamani, yenye ua! Wakapanga vyumba viwili juu ya duka la dobi karibu na Larkmoor. Kabla ya kuweka sahihi, Trevor alikwenda na gurudumu la kupimia la kazini kwake, akalisukuma barabarani kutoka lango la shule hadi mlango wa dobi, watu wakimcheka madirishani. Mita mia sita. Yvonne akamkumbatia palepale, kwenye mvua.

Machi mosi barua pepe ikaja: Josie amepokelewa. Nilipeleka keki. Mvuke wa dobi ulipanda kupitia sakafuni, madirisha yalipigiliwa misumari kwa sababu ya kelele za barabara, na wasichana wawili walilala kitanda cha ghorofa nyuma ya pazia. Lakini Yvonne alisimama kwenye kioo cha dirisha akinionyesha mnara wa shule, uso umemng'aa.

"Unauona ule? Kila asubuhi nauona ule."

Mwaka wa kwanza ulikwenda. Wa pili nao ukaenda, kwa shida. Wa tatu wakaanza kumpeleka Josie katika Chumba cha Kutafakari. Jina tamu hilo! Ni meza zilizoelekezwa ukutani, na mbao zimesimamishwa baina ya mtoto na mtoto. Unakaa hapo kutwa, kimya. Josie alipelekwa kwa kazi ya nyumbani isiyomalizika, kwa viatu vyenye soli isiyotakiwa, na siku moja kwa kuuliza swali lilelile mara mbili. Mwezi mmoja alikaa humo siku kumi na moja.

"Mama, nitoe," alisema wakiwa mezani, soseji imepoa mbele yake.

"Nikutoe nikupeleke wapi? Tumeuza nyumba kwa ajili ya lango lile, Josie."

"Basi mkainunue tena."

"Usinijibu hivyo! Unajua watu wangapi wanaililia nafasi yako?"

Trevor akainuka, akaenda kusimama kwenye dirisha lisilofunguka. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imeshapakwa rangi nyingine na watu wengine, na kati ya Trevor na Yvonne hakuna aliyethubutu kusema kwamba walikosea. Maana ukisema umekosea, utafanyaje? Utarudi wapi? Kwa hiyo wakabaki, na mtoto akabaki ukutani.

Sasa sikilizeni. Novemba ya mwaka wa tano, miezi sita kabla ya mitihani ya mwisho, Yvonne aliitwa shuleni peke yake, saa nne asubuhi. Naibu mkuu, Bwana Lister, alimkaribisha kwa biskuti. Mezani palikuwa na barua iliyokwisha chapwa. Yvonne alinisimulia baadaye neno kwa neno, na nimemfanya arudie ili nisiongeze chumvi.

"Mimi, Yvonne Hallam, kwa hiari yangu, naamua kumsomesha mwanangu nyumbani," alisoma. "Nimeiandika lini hii?"

"Tumekurahisishia tu, Bi Hallam. Unaweka sahihi hapa chini."

"Mitihani ni Mei! Nitamsomesha nini mimi? Nauza dawa za kikohozi."

"Ana rekodi ndefu ya nidhamu. Asipotoka kwa hiari, huenda tukalazimika kumfukuza, na kufukuzwa kunaandikwa. Chuo gani cha ufundi kitamtaka? Mimi namfikiria mtoto."

"Ngoja nimpigie mume wangu."

Alipiga. Trevor alikuwa ndani ya shimo la lifti, simu haishiki. Alipiga tena. Bwana Lister akatazama saa, akasogeza kalamu. Yvonne akaweka sahihi. Robo saa haikutimia, na miaka mitano ya mvuke ikaishia hapo.

Ee jamani! Na sasa lile neno langu. Kila Januari kuna Alhamisi moja ambapo shule zote huhesabu wanafunzi wao. Mtoto wa mwaka wa mitihani aliyemo kwenye orodha siku ile, matokeo yake ni ya shule hiyo. Asiyekuwemo, shule haimjui, hata kama amekaa pale miaka mitano. Na kila mwaka, majani yakishadondoka, foleni yangu ya chakula huingiwa na watoto wageni waliovaa masweta ya rangi ya damu ya mzee. Masweta ya Larkmoor. Wamekuja Cobden kwa kuwa Cobden ina nafasi, na ina nafasi kwa kuwa wazazi wanaikimbia, na wanaikimbia kwa sababu ya matokeo, na matokeo yake yamebeba watoto wa Larkmoor! Nilikuwa nawapakulia supu miaka yote. Nilijua, na sikumwambia jirani yangu.

Josie alikaa juu ya dobi wiki nane. Mama kazini, baba kazini, Poppy shuleni. Jioni Trevor alijaribu kumfundisha hisabati akiwa na uchovu wake, wakaishia kugombana. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, safi, haina hata tone la grisi.

"Vipi, mwanangu?"

"Kule niliangalia ukuta, Anti Mo. Hapa naangalia ukuta. Angalau kule kulikuwa na chakula cha mchana."

Nikamvuta Yvonne ngazini. "Mlete Cobden. Kesho."

"Nitaingiaje pale, Mo, baada ya yote niliyosema?"

"Kwa miguu. Kama watu wote."

Mwalimu mkuu wetu, Bi Rathbone, alimpokea siku tisa kabla ya ile Alhamisi. Alikuwa wa sita kutoka Larkmoor majira yale. Mchana mwalimu huyo alikuja jikoni kwangu kuchukua chai, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu atahesabiwa kwetu, na wakaguzi watarudi. Unajua?"

"Najua, Mo."

"Na bado umempokea."

"Asipohesabiwa kwetu atahesabiwa wapi?" Akamimina maziwa, akaenda zake.

Josie alijitahidi, Mungu shahidi. Lakini kitabu cha hadithi alichosoma Larkmoor sicho kinachosomwa Cobden, na mada za hisabati zilipangwa tofauti. Miezi mitano haitoshi kusoma miaka miwili. Agosti alifungua bahasha mbele yangu. Ufundi alama za juu kabisa. Uchoraji amepita. Kiingereza ameanguka. Hisabati ameanguka kwa alama nne. Kampuni ya baba yake haichukui mwanagenzi wa lifti asiye na hivyo viwili. Alirudisha karatasi kwenye bahasha, akaikunja, akauliza kama kuna vyombo vya kuosha.

Wiki hiyohiyo Larkmoor ilitundika bango refu: themanini na sita katika mia, hongera watoto wetu. Cobden ilishuka mpaka thelathini na tatu. Majira ya kuchipua yaliyofuata wakaguzi wakaja kwetu, siku zao mbili, wakaandika Haitoshelezi.

Yvonne safari hii hakubandika karatasi kwenye friji. Alikuwa amerudi mtaa wa Alma, amepanga nyumba inayotazamana na yangu, kwa ajili ya Poppy aliyekuwa amefikia umri wa sekondari. Alikwenda Cobden mwenyewe. Alikaa nyuma ya darasa, akala viazi vyangu, akawauliza watoto ni nani aliyewapigia simu nyumbani walipougua. Akatoka akasema, "Mo, safari hii nimechagua kwa macho." Nilifurahi nikalia.

Poppy akaanza Septemba. Siku ya tano nilifika kazini nikakuta ngazi langoni na mafundi wawili wanang'oa kibao chetu. Shule yenye neno Haitoshelezi hukabidhiwa shule bora ya mjini ili iokolewe, ndiyo taratibu. Kibao kipya kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, na jina la Larkmoor juu yake. Bi Rathbone alikuwa anatia sanduku lake kwenye gari.

Yvonne alisimama kando ya barabara amemshika Poppy mkono. "Mo, niambie sijasoma vizuri."

Alikuwa amesoma vizuri. Na langoni, na tai yake, alisimama Bwana Lister akiwapa wazazi mkono mmoja mmoja.

"Karibu, mama! Na huyu binti mzuri ni nani?" Hakumkumbuka hata kidogo. Akainama kwa Poppy. "Vipi, tunapenda kusoma?"

"Si sana," alisema Poppy. "Napenda kutengeneza vitu."

Yvonne alitazama barabara juu na chini. Shule nyingine zote zilikuwa zimejaa, na tulizipigia simu pamoja mpaka ya mwisho. Kengele ikalia. Akaulegeza mkono wa mtoto, na mtoto akaingia.

FUNZO

Ndugu zangu, nambari ya shule si uongo, lakini ni nambari ya waliobaki. Ukionyeshwa themanini na sita katika mia, uliza: mwaka wa kwanza waliingia wangapi, na siku ya mtihani walikuwepo wangapi? Waliopungua wako wapi? Shule ikishindwa kukujibu, imeshakujibu. Neno la wakaguzi lisome, ila nenda na wewe, ukae, ule, uulize. Mtoto akikwambia nitoe, usimhesabie gharama uliyoingia, mwulize anakaa chumba gani. Na ukiwekewa barua yenye jina lako ambayo hukuiandika, usiweke sahihi, sheria haikulazimishi. Ichukue, ondoka, kamwonyeshe mtu.

Na wewe unayejua kitu na umekaa kimya kwa sababu ni mpishi tu, au mfagizi tu, au mlinzi wa lango, fumbua mdomo. Mimi niliufunga, na Josie leo anaosha vyombo hotelini huku anarudia hisabati jioni kwa mara ya pili.

Tangu kibao kile kipya kipande langoni kwetu nina daftari jikoni, nyuma ya mizani. Humo naandika majina ya watoto wa mwaka wa tano wanaokosekana kwenye foleni ya chakula, na tarehe niliyowaona mara ya mwisho. Leo ni Novemba ishirini. Waliotoweka wameshatimia wanne, na kesho jioni nakwenda kugonga milango ya mama zao.