Tundu la Kumi na Mbili

Mjinga wa siku hizo alikuwa Spana, si mwingine, na yeye mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuambia bila kupepesa macho kwamba katika nyumba yao yenye watu wanne, gari moja na paka asiye na kazi, hata paka alimzidi akili. Maana paka aliacha kulala ndani ya lile gari siku kadhaa kabla ya mambo kuharibika. Spana alimwona akiruka nje na kujitikisa. Akacheka, akaenda zake.

Gari lenyewe waliliita Ajuza. Lilikuwa gari la kazi la mama yake, daktari wa mifugo, lile lenye magurudumu makubwa linalopanda kilima cha mawe na kuvuka mto bila kuuliza kina. Kwa umri lilimpita mama. Injini yake bado ilikuwa na nguvu, lakini ndani, ndugu msomaji, ndani kulikuwa kama kapu la nguo kuukuu. Kitambaa cha dari kilikuwa kimening'inia hata kikawa kinamchana mama nywele. Sponji za viti zilichungulia nje. Raba za milango zilikuwa zimeliwa na jua, na sakafu ilikuwa imetobolewa na kutu, vumbi likawa linaingia kama mgeni aliyealikwa. Mama akirudi kazini jioni, ungedhani amefukuliwa ardhini.

Likizo ilipoanza, Babu alitoa amri wakati wa chai ya asubuhi. Babu, baba yake mama, alikuwa ameshona makochi ya watu kwa miaka arobaini, mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Siku hizi alishona kwa kupapasa.

"Huyu Ajuza tutamvisha upya wenyewe," alisema. "Mimi nina vidole, Spana ana macho. Tukijumlishwa, tunapata fundi mmoja mzima."

"Na mimi, Babu?" aliuliza Kijiko. Huyo alikuwa dada yake Spana, wa miaka sita, aliyeitwa hivyo kwa sababu hapakuwa na sufuria ambayo hakujitumbukiza ndani yake.

"Wewe utatushikia misumari na kutuletea umbeya."

Spana, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alimgeukia dada yake. "Kijiko."

"Sufuria ipi?" alijibu Kijiko papo hapo. Huo ulikuwa mchezo wao. Hata ungemwita akiwa nusu usingizini, jibu lingetoka.

Kazi ikaanza. Spana alibandua zulia bovu, akasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka mafua yakamshika, kisha akahesabu matundu.

"Kumi na mawili, Babu."

"Hesabu tena. Kutu ni mwizi, anajificha pembeni."

Alihesabu tena. Kumi na mawili. Akachora umbo la kila tundu kwenye katoni, na Babu akakata vipande kumi na viwili vya bati, akilainisha kila ukingo kwa tupa na kuujaribu kwa kidole gumba. Spana alikuwa analaza bati, anatoboa, anapiga ribiti za kulibana, anapaka silikoni pembeni. Babu naye alishona viti kwa shazia, ile sindano kubwa, akabandika dari, akavalisha milango raba mpya, na madirisha pia. Kila jioni alifunga mlango na kusikiliza. "Umesikia? Zamani ulilia kama sufuria. Sasa unafunga kama jokofu."

Siku ya sita likabaki tundu moja. Lilikuwa chini ya kiti cha nyuma, pembeni kabisa, na ili kulifikia ilibidi kiti chote king'olewe. Kilishikiliwa na nati nne zilizoota kutu. Spana alijaribu ya kwanza. Spana iliteleza, yaani spana ya chuma, na spana wa nyama akachubuka vidole. Alikuwa bado anavinyonya aliposikia mluzi nje ya ua.

"Wewe, tumekosa kipa. Unakuja au tumweke babu yako golini?"

Alitazama nati. Akatazama uani. Kisha akakunja kipande cha gunia, akakisukuma kwa fimbo mpaka kikafunika tundu, akapaka gundi na kulikandamiza zulia jipya juu yake. Kwa macho, kazi ilipendeza. Bati la kumi na mbili alilitia ndani ya shati.

Babu alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Mgongo haukumruhusu kuinama hadi kule chini. "Yamekwisha?"

"Yamekwisha, Babu."

"Yote kumi na mawili?"

"Yote."

Babu alipapasa hewani mpaka akaupata utosi wake. "Ndiyo maana nilisema wewe ni macho yangu," alisema. Lile bati likamgusa Spana tumboni, baridi kama mjusi. Alilificha chini ya godoro, akakimbilia mpirani, akafungwa magoli manne.

Jumatatu mama alirudi akiwa msafi kama aliyetoka harusini. "Leo sijala hata punje ya vumbi," alisema, akawapigia makofi mafundi wake. Kisha akakaa kwenye ngazi akajikanda paji la uso. "Kichwa tu ndicho kinanigonga. Ni hiyo gundi yenu."

"Gundi mpya ndivyo ilivyo," alisema Babu. "Itakauka."

Kila Spana alipojilaza kitandani, bati lilikuwa linaguna chini yake.

Jumanne Kijiko alikwenda na mama sokoni. Alirudi amelala fofofo kwenye kiti cha nyuma, yeye ambaye safari nzima huuliza maswali mpaka dereva aombe poo. Alipoamshwa alitapika. "Amekula nini huyu?" mama aliuliza, na hakuna aliyejua. Jumatano ndipo paka aliporuka nje.

Alhamisi mfugaji mmoja alimshukuru mama kwa kuku wawili. Mama aliwaweka nyuma ya gari, ndani ya tenga. Alipofika nyumbani na kufungua mlango, kuku wote wawili walikuwa wamelala ubavu, shingo zimelegea. Mama alichuchumaa uani, akawageuza, akawafungua midomo. Spana alisimama nyuma yake.

"Wamekufa kwa nini, Mama?"

"Joto, labda." Lakini uso wake haukukubaliana na mdomo wake. Alikuwa amemshika kuku mmoja kichwani. "Upanga wao huu wa kichwani ni mwekundu mno. Sijawahi kuona kuku mfu akiwa mwekundu namna hii."

Spana alitupa jicho chini ya kiti cha nyuma. Sasa aseme nini? Kwamba kuku wamekufa kwa sababu ya gunia, kwamba labda moshi wa gari unapenya pale? Hakuwa na hakika. Na Babu alikuwa ameshasimulia mtaa mzima kuhusu mjukuu wake fundi. Aliyameza maneno, naye mama akawafukia kuku.

Jumamosi asubuhi wote walipanda Ajuza kumpeleka Babu kliniki ya macho, mji wa pili, mwendo wa saa mbili. Babu na Kijiko walikaa nyuma. Spana alikaa mbele. Walipomaliza lami na kuanza kupanda vilima, mvua ikaanza, mvua ya kweli, ya kupiga kwa ngumi. Mama alipandisha madirisha yote.

Mwanzoni Kijiko aliimba. Kisha akaimba polepole. Kisha akanyamaza. Babu, aliyekuwa akisimulia habari za mteja aliyetaka kochi la pembe tatu, alipotea katikati ya hadithi, akaanza upya, akapotea tena. Waipa za kioo zilikuwa zinakwenda kushoto na kulia. Mama alipangusa macho kwa mkono mmoja.

"Mbona naona usingizi saa hizi," alisema, si kwa mtu yeyote.

Spana alihisi kichwa chake kikibanwa kama kimewekwa kwenye jiliwa la fundi. Akateremsha dirisha lake kidogo. Maji yakaruka ndani.

"Funga, Spana. Unalowesha viti vya Babu."

"Mama, naomba hewa kidogo tu."

"Funga nimesema."

Akafunga. Hapo ndipo ujinga wake ulipofika kileleni: alijua, akafunga. Aligeuka nyuma. Kichwa cha Kijiko kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, na kila gari liliporuka, kichwa kiligonga kioo na yeye hakukunja hata uso.

"Kijiko," aliita.

Mvua ilijibu peke yake.

"Kijiko."

Hakuna sufuria. Hakuna kitu. Na Babu, kidevu kifuani, hakuuliza kwa nini Spana anaita.

"Mama, simamisha gari."

"Tukisimama hapa kilimani—"

"Simamisha, Mama. Kuna tundu. Nilidanganya, sikuliziba. Liko chini ya kiti cha Kijiko, nimeweka gunia tu. Wale kuku, Mama. Ni moshi."

Mama hakuuliza swali la pili. Alikanyaga breki, Ajuza akateleza ubavu na kusimama matopeni. Alizima injini, akafungua milango yote, akamvuta Kijiko nje na kumshika mvuani. Mtoto alining'inia mikononi mwake kama kanzu iliyofuliwa. Spana alimtoa Babu kwa kumkumbatia kiunoni. Babu alipepesuka, akakaa kwenye majani na kutapika.

Nyuma yao lori la mchanga lilisimama. Dereva aliteremsha kioo, akatazama mara moja tu. "Zahanati iko baada ya kona mbili. Leteni huyo mtoto." Mama, Kijiko na Babu walibanana mbele pamoja na dereva. Spana alipanda juu ya mchanga uliolowa. Lori lilipoondoka alimwona Ajuza akibaki nyuma, milango minne wazi kwenye mvua, viti vya Babu vikinywa maji. Alitaka kumtazama mtu usoni, lakini huko juu hapakuwa na mtu.

Zahanati ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimfunika Kijiko barakoa, akafungulia hewa. Babu na mama waliketi kwenye benchi wakisubiri zamu yao, wameshikana mikono kama watoto.

"Ule moshi wa gari una hewa ya sumu ndani yake," muuguzi alieleza. "Sumu hiyo yenyewe haionekani wala hainuki. Inaingia kwenye damu, inakaa mahali pa hewa nzuri, nawe unadhani ni usingizi. Mngeendelea nusu saa zaidi, ningekuwa naandika habari nyingine."

Spana alisimama karibu na kitanda, nguo zikimdondoka maji. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha. Saa ya ukutani ilikwenda robo, ikaenda nusu. Aliinama kwenye sikio la dada yake.

"Kijiko."

Kope zilitikisika. Kutoka ndani ya barakoa ikatoka sauti nyembamba, yenye kununa. "Sufuria... ipi?"

Mama alifunika uso kwa viganja. Spana alikwenda nje, akalia huko, mvua ikamsaidia kuficha.

Jumanne iliyofuata, Ajuza alikuwa amevutwa hadi nyumbani. Fundi Grisi, makanika wa mtaa wa pili, alizing'oa zile nati nne kwa muda wa kunywa chai, akakitoa kiti na kubandua zulia. Gunia lilikuwa jeusi tititi. Aliingiza kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili na kugusa bomba la moshi lililopasuka.

"Hili bomba limepasuka siku nyingi," alisema. "Zamani moshi uliingia hapa, ukatokea kwenye milango mibovu na matundu mengine. Mkala vumbi, lakini mkaishi. Nyinyi mkaja mkaziba pa kutokea pote, mkauachia pa kuingia."

"Nami nilipaswa kuliangalia bomba kabla ya kufurahia viti," alisema mama. "Na wale kuku waliniambia, sikuwasikiliza. Hilo ni langu." Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa ameshika bati la kumi na mbili kwa mikono miwili. "Lako ni hili. Kazi ambayo haijaisha ukisema haijaisha, kosa halipo. Tungekusaidia kung'oa nati. Lakini ukisema imekwisha, watu wanaamini, wanapanda, wanafunga madirisha."

"Nimeelewa, Mama. Nisamehe. Babu, nisamehe."

"Nimekusamehe kule kule matopeni," alisema Babu. "Bomba Fundi Grisi atalibadilisha. Sisi kesho asubuhi tunaanza. Tunabandua zulia lote, unanishika mkono, napapasa bati moja baada ya jingine."

Spana aliinua kichwa. "Yote, Babu? Lakini yale kumi na moja ni mazima. Niliyapiga ribiti mwenyewe. Tubandue lililo bovu tu."

"Yote."

"Babu, si haki. Kumi na moja kwa kumi na mbili ni karibu asilimia tisini na mbili. Hata shuleni mwalimu angeniandikia vizuri sana."

Babu alinyoosha mkono, akalichukua lile bati, akalizungusha polepole kati ya vidole mpaka akaupata ukingo aliokuwa ameulainisha mwenyewe.

"Na dada yako," aliuliza, "alikuwa amekaa juu ya lipi?"