Viduara na Vijiti Chini ya Kompyuta

Sikilizeni, wenye nyumba zenu, maana haya yalitokea katika nyumba iliyotulia. Pale Al Khoudh, Uarabuni, kila baada ya sala ya alasiri, Bi Muhsina alitandika jamvi ukumbini, akaweka dele la kahawa, tende na halua, na mumewe Sleyum akaja kuketi kando yake. Wakicheka, wakiwasema majirani. Conjesta, dada wa kazi kutoka Muleba, alileta vikombe, naye akatiliwa chake. Miaka minne haukusikika ugomvi.

Mwaka 2003 kazi ikampeleka Sleyum Korea, mafunzo ya miezi sita. Akarudi na kompyuta, akaiweka chumba cha wageni, akatia ufunguo mfukoni. Na kahawa ikaanza kupoa.

"Nnakuja," husema kwa ndani akiitwa. Haji.

Bi Muhsina akaanza kuchunguza. Macho ya mumewe mekundu. Chakula hamalizi. Siku moja Mahbuba, dada yake Muhsina, akaja mwenyewe kutoka Qurayyat, hata buibui hajavua.

"Simu yenu ina nini? Siku ya tatu napiga, inatumika tu. Nani anazungumza jioni nzima?"

"Mie siigusi, dada."

"Basi anayeigusa yumo humu humu. Kakuletea zawadi gani huko alikotoka?"

"Shuka."

"Shuka! Miezi sita, shuka! Mwenye zawadi zake kabaki hukohuko."

Muhsina alicheka, lakini usiku akalala na neno hilo. Asubuhi yake Sleyum alisahau ufunguo katika kanzu ya kufuliwa. Muhsina akaingia kile chumba. Akatafuta picha ya mwanamke, hakuna. Akanusa mito, hakuna manukato. Akainua kibao cha herufi cha kompyuta, na chini yake imelala karatasi iliyokunjwa mara nne. Viduara na vijiti, viduara na vijiti, mstari kwa mstari, na tarakimu pembeni.

Akaigeuzageuza. Si Kiarabu, si Kizungu. Bibi yake, zamani Unguja, aliwahi kumwonesha talasimu ya uchawi iliyofukuliwa kizingitini: viduara hivyohivyo, tarakimu hizohizo. Wala hakukumbuka kwamba mumewe katoka Korea. Hofu haikumpa nafasi. Alijiuliza moja tu: nani mwingine anaingia humu? Conjesta, na sinia la chai.

Alasiri akawaita mumewe na Conjesta.

"Conjesta, hii nini?"

"Sijui kuisoma, mama. Ni ya baba. Ya mchezo wake."

"Mchezo gani?"

"Wa vita, kwenye kompyuta. Anapigana na watu wa mbali kupitia laini ya simu. Anasema kule Korea wanashindana ukumbi umejaa, watu wanashangilia kama mpira. Baba aliniambia nisiseme." Akamgeukia Sleyum. "Baba, sema basi."

Sleyum alikuwa na miaka arubaini na sita, mkuu wa idara, akiingia ofisini watu husimama. Aliitazama kahawa yake.

"Mchezo? Kwani mie mtoto? Sijui anasema nini huyu."

Muhsina alilishika neno moja tu: baba aliniambia nisiseme. Kumbe wana siri!

"Kanifungia mume kwa uchawi ndani ya nyumba yangu," akalia, "na kahawa namtilia mwenyewe!"

Siku nne baadaye Conjesta alipandishwa ndege ya kurudi kwao. Sanduku lake lilipekuliwa mara mbili, hata rozari yake ikahesabiwa punje, na Sleyum amesimama mlangoni anaona. Mahbuba akawapigia mashoga zake wote, madada wa kazi wakasikia, na habari ya uchawi ikafika Muleba kabla ya Conjesta mwenyewe.

Ikaja Idi. Mkorea mmoja wa kazini kwa Sleyum akaja na mkewe kutoa mkono wa Idi. Wanawake wakaketi chumba cha ndani, na mgeni, kwa kumfurahisha mwenyeji, akaliandika jina la Muhsina kwa herufi za kwao.

Viduara na vijiti.

Muhsina akaenda kabatini, akarudi na ile karatasi. Mgeni akasoma, akaziba mdomo kwa kucheka. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akasema: "Dakika ya pili, ongeza askari. Dakika ya nne, shambulia. Huu mchezo! Mwanangu kaacha chuo kwa ajili yake. Nani anaucheza hapa?"

Wageni walipoondoka Muhsina alimfuata mumewe.

"Ulijua?"

"Nlijua. Nliandikiwa huko Korea, nkafundishwa kuisoma."

"Na ukamtazama akipekuliwa mpaka rozari?"

"Nliona haya, Muhsina. Umri huu, mie na michezo..."

Wakapiga simu Muleba. Wakamwomba radhi Conjesta.

"Nimewasamehe, mama. Ila majirani hawanunui tena ndizi zangu, na wanangu wanaitwa watoto wa mchawi. Hii simu wao hawaisikii. Baba aje aseme hapa, mbele yao."

Likizo tatu zimepita. Sleyum hajaenda. Muhsina naye husema mwakani. Kompyuta walishaigawa na mlango ule haufungwi tena, lakini kwenye jamvi la alasiri siku hizi kinawekwa kikombe kimoja, cha Muhsina peke yake.

FUNZO

Mchezo peke yake haukuvunja nyumba. Kilichoivunja ni mtu mzima kuuficha, akaacha umle saa zake na ulimi wake. Ukimshuku mumeo, muulize mumeo, usimtafute mnyonge wa kumtwika. Na wewe unayeujua ukweli, ukinyamaza mwenzio akihukumiwa, umeshatoa ushahidi wa uongo. Uliyemchafua mbele za watu, nenda kamsafishe mbele za watu haohao. Usingoje mwakani.