Gari Linalokula Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa, Costancia alifungua boneti ya gari la baba yake, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukifuta kwa kitambaa. Ndiyo kazi aliyopewa nyumbani kwao Mabwerebwere, Kilosa, na msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliipenda kwelikweli.

Gari lenyewe lilikuwa limezeeka. Oili ilipungua kila wiki, naye akaongeza kimyakimya kutoka galoni la akiba. Baba alikwisha kuapa, "Siku hili likianza kula oili, naliuza!" Likiuzwa, mama mwenye mguu uliovunjika angefikaje hospitalini Mikumi? Apakiwe pikipiki kwenye makorongo yale? Maskini Costancia, akafunga mdomo.

Siku ya kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya, baba alikwenda naye gereji kwa fundi Hussein.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Eti mzee Stefano, gari linakula oili?"

"Halili hata tone!" baba alijibu kwa majivuno.

"Basi nakuwekea nyepesi."

Costancia alishtuka. Oili nyepesi ingeisha upesi zaidi, injini ife porini na mama akiwa ndani.

"Fundi, ngoja!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Linakula. Huwa naongeza mimi. Niliogopa baba ataliuza, mama akose usafiri."

Baba alimgeukia binti yake. Fundi alichungulia chini ya injini, hakuona pa kuvuja.

"Injini imetembea sana, imelegea," alisema. "Kitabu cha gari kinaruhusu oili nyepesi na nzito. Hili sasa linataka nzito, na lipimwe mara kwa mara. Umefanya vyema kusema, binti. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jumatatu walikwenda Mikumi wote watatu. Njiani baba alisimamisha gari, akasubiri injini ipoe kidogo, akapima oili.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Mama Costancia, gari hili linakula oili."

Mama akacheka. "Ule moshi wa bluu wa oili inayoungua nauona siku nyingi! Niliogopa kusema, usije ukaliuza."

Baba alifunga boneti taratibu, uso umemshuka.

"Kumbe ni vitisho vyangu vilivyowafunga midomo," alisema. "Nisameheni. Tangu leo tuambiane ukweli mapema, mwanangu, hata ukiwa mchungu. Nami nitausikiliza bila kufoka."