Aliyepiga Yowe Atangulie

Simu ya maandishi ilikuwa na maneno sita tu.

SHANGAZI ANAUMWA JINO. BEBA KOLEO. ILOMBA.

Waridi Makame aliisoma mara moja, akaitumbukiza katika kikombe cha chai, akaikoroga mpaka ikawa uji. Akatoka nje ya hoteli ya Nyololo, akawasha Land Rover, akakanyaga mafuta.

Koleo lenyewe lilikuwa mapajani, limeviringishwa ndani ya kanga. Bastola ya Beretta. Risasi saba.

Mbele yake, vumbi. Ndani ya vumbi, Peugeot ya kijivu.

Mwenye Peugeot aliitwa Strachan, mzungu kutoka ng'ambo ya mpaka wa kusini, aliyejitia mtafiti wa mila. Kwa wiki mbili Waridi alimwandama tangu Iringa, akijifanya muuza kanga. Jana, katika hoteli ileile ya Nyololo, alimkaribia mno.

Strachan aliweka vijiti viwili mezani. "Kipi kirefu?"

Cha kushoto. Hata kipofu angekipapasa akajua. Lakini wanaume saba walioketi pale, wote wamevaa raba mpya za Bata, walijibu mmoja baada ya mwingine. Cha kulia. Cha kulia. Cha kulia. Ikafika zamu ya Waridi, wa nane.

"Cha kulia," alisema.

Hakuwa anaigiza.

Hilo ndilo lililomchefua. Kwa nukta moja aliyashuku macho yake mwenyewe akaamini midomo ya watu. Strachan alitabasamu, akaandika kitu daftarini.

Waridi alitema mate dirishani. Ladha haikutoka.

Alipofika Chimala alisimama kwenye duka lenye simu, akazungusha mkono wa mashine. Iringa ikaitika. Mzee Muharami, mkuu wa kikosi cha siri cha chama cha kudai uhuru, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gari la chanjo ya ndui linasimama Ilomba saa saba. Wale saba wako njiani na lori. Watapiga yowe kwamba ni gari la mumiani."

"Kisha?"

"Kisha damu. Kisha bunduki za askari. Kisha Strachan na wenzake watasema nchi hii haiwezi kujitawala, heri wapewe wao waiunganishe na ya kwao."

"Garini yuko nani?"

Waya ulikoroma.

"Mjomba, yuko nani?"

"Rozalia."

Waridi alikata simu. Rozalia wa Kalenga, muuguzi, aliyemuuguza jeraha la risasi miezi mitatu bila kumuuliza alilipataje.

Pale Uyole, Peugeot ilikata kulia ikapanda kilima. Ilikuwa karibu, angeweza kuifuata.

Akainyoosha Land Rover kwenda Ilomba.

Alilisikia yowe kabla hajawaona watu. Nyanda hizi yowe halina mjadala. Likilia, unatupa jembe, unakimbia. Anayebaki nyumbani huhesabiwa adui. Strachan alikuwa ameyaandika hayo yote daftarini kwa mwandiko mzuri.

Watu mia mbili walilizunguka gari la chanjo, Bedford lenye msalaba mwekundu. Dereva alikuwa ametoroka. Rozalia alisimama nyuma ya gari, gauni lake jeupe limechanika, damu ikimtiririka kwenye paji la uso, amelikumbatia sanduku la chanjo kama mtoto.

"Mumiani! Mnyonya damu!"

Sauti ilitoka kushoto. Nyingine kulia. Nyingine nyuma. Saba, wametawanywa kama chumvi mchuzini, ili kila mtu adhani wote wamekolea.

Waridi alijipenyeza. Mbele yake mama mmoja mnene, kapu la ndizi limemwagika miguuni pake, alikuwa ameinua jiwe.

"Shikamoo, mama. Nani wewe?"

"Sekela, mama Abrahamu. Pisha nitupe!"

"Mama Abrahamu, umeona nini?"

"Mimi? Sijaona." Jiwe halikushuka. "Wote wameona."

Lilikuwa jibu lake mwenyewe la jana.

"Nani alipiga yowe, mama?"

Sekela alifungua mdomo. Akageuza shingo huku. Akageuza kule. "Ee! Kweli. Nani?"

"Kwenu mila inasemaje?"

"Aliyepiga yowe hutangulia. Anyooshe mkono, aoneshe alichokiona." Jiwe likashuka kidogo. "Hata marehemu bibi yangu, alipoona chui, alitangulia."

Hiyo ndiyo nusu ambayo Strachan hakuiandika. Alipenda sana habari ya kondoo wanaofuata; hakuuliza nani hutakiwa kwenda mbele.

"Aliyepiga yowe atangulie!" Waridi alipaza sauti.

Shingo zikageuka kumtafuta.

"Atangulie!" Sekela akadakia, na sauti yake ilikuwa ngoma. Wanawake watatu wakaitikia. Kisha kumi.

Jitu moja lenye raba mpya likamnyooshea Waridi kidole. Alimkumbuka: Fanueli, aliyejibu wa kwanza pale Nyololo.

"Huyu naye ni wao! Mumiani mwenzake!"

Mawe yakamgeukia Waridi. Hakurudi nyuma.

"Vizuri, kaka. Umeona damu za watu garini? Tangulia. Panda, utuoneshe."

Fanueli aliwatazama wenzake. Mmoja akajikuna. "Tangulia wewe, Fanueli. Si ndiwe mkubwa wetu?"

"Heee!" Sekela akapiga kofi. "Wana raba mpya wote! Hapa Ilomba nani ana raba? Hawa watoto wa nani?"

Fanueli alichomoa kisu. Waridi alimkamata kifundo cha mkono, akakizungusha. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kisu chini.

"Wauaji ni hawa wenye raba!" mtu akapayuka. "Wapigeni!"

Mawe yaleyale. Mikono ileile. Macho yaleyale yasiyo na mtu ndani.

Waridi alifungua kanga. Beretta ikatoka, ikalia mara moja hewani.

"Pumbavu! Sasa hivi tu mlikuwa pamoja nao. Wafungeni kamba. Atakayerusha jiwe, nitaanza naye."

Walifungwa. Kisha Rozalia akajifuta damu, akafungua sanduku.

"Haya. Nani anachanjwa?"

Hakuna aliyesogea. Sekela akasonya, akapandisha mkono wa gauni. "Choma, mwanangu. Ndizi zangu zimeshakanyagwa, nihofu nini tena?"

Nyuma yake mmoja. Watano. Mstari mrefu. Wakajipanga vilevile walivyookota mawe: kwa kumtazama aliye mbele.

Peugeot ilipoanza kushuka kilima, ilikuta Land Rover imekingama njia nzima. Waridi aliingia kiti cha mbele bila kubisha hodi. Darubini ya Zeiss, aliyotazamia ghasia kutoka juu, bado ilining'inia shingoni mwa Strachan. Waridi akalichukua daftari. Majina saba, tarehe, amri kutoka ng'ambo ya mpaka. Yangesomwa mbele ya Umoja wa Mataifa, neno kwa neno.

Kisha akavunja kijiti cha kiberiti, akakiweka juu ya dashibodi kando ya kizima.

"Kipi kirefu?"

Strachan alionesha kizima.

Beretta ikamgusa ubavuni. "Hiki kifupi ndicho kirefu. Au sivyo?"

Jasho likamdondoka. "Ndiyo. Hicho kifupi."

Waridi alimtazama kama mtu anavyotazama funza kwenye nyama.

"Mimi walihitajika saba," alisema. "Wewe ametosha mmoja."

Akachomoa ufunguo wa Peugeot, akautupa majanini, akashuka. Akapangusa mikono kwa kanga na kwenda kumnunulia mama Abrahamu kapu jipya la ndizi.